Kuku wanne, usiku mmoja: ninavyototolesha vifaranga Uru bila mashine

Kuku wa kienyeji hana shida ya kuangua. Mpe mayai mazuri na kona yenye giza, atayageuza mwenyewe, atayapa joto analolijua yeye, na siku ya 21 utasikia vifaranga. Shida iko kwenye hesabu. Huyu kaangua leo, mwingine wiki mbili baadaye, wa tatu mwezi ujao. Uwanjani una vifaranga wa kila umri wanaokanyagana kwenye sahani moja, huyu anasubiri chanjo, yule kapitwa nayo, na Desemba ikifika ukihesabu wa kuuza ni wachache mno. Ndiyo sababu wengi hapa Moshi wakishika hela kidogo wanakimbilia mashine.

Mimi niko Uru, juu ya Moshi kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kwenye kihamba cha migomba na mibuni michache iliyobaki. Umeme ninao, lakini ukikatika usiku wa kipupwe mayai yote ya mashine yanapoa, labda uwe na jenereta pembeni. Sikuona maana ya kununua vitu viwili vifanye kazi ambayo matetea wanaifanya bila kuombwa. Nilichotaka ni waifanye wote kwa wakati mmoja.

Mama mkwe wangu alicheka. "Kuku haatamii kwa ratiba yako, mwanangu." Nikamwambia, sawa mama, kumlazimisha aanze siwezi, ila aliyeshaanza naweza kumsubirisha. Akanyamaza, ambayo kwake ni nusu ya kukubali.

Kumsubirisha ni hivi. Tetea akiwa anataga, kila jioni naokota yai la siku hiyo na kumwachia moja au mawili ya kumzuga, niliyoyatia alama ya mkaa nisije nikayachanganya. Mara nyingi ni viza vya awamu iliyopita, mradi havijapasuka. Kwa kuwa kiota hakiko tupu, anaendelea kutaga palepale. Siku akikataa kutoka, manyoya kayavimbisha na ananguruma ukimsogezea mkono, basi ameanza kuatamia, na mimi namwacha juu ya viza vyake. Atakaa hapo wiki nzima bila wasiwasi, hata zaidi, huku wenzake nao wakifikia hatua hiyo mmoja mmoja. Mwenye matetea saba au wanane wanaotaga hakosi watatu au wanne wa kuwakutanisha.

Mayai niliyookota yanangoja ndani, chumba kisichopigwa na jua, kwenye beseni la mchanga. Ncha nyembamba inakuwa chini na tarehe inaandikwa kwa penseli. Yasiyozidi siku saba ndiyo bora. Kuanzia siku ya kumi uwezo wa kuangua unashuka, na yaliyofikisha wiki mbili kwangu ni ya kukaanga. Siyaoshi kamwe. Ganda la yai lina vitundu vidogo sana vilivyozibwa na utando mwembamba, na ukiosha unautoa huo utando, vijidudu vinapata njia. Lililochafuka sana linakwenda jikoni. Pia naacha makubwa kupita kiasi, maana mara nyingi yana viini viwili, na yenye nyufa hata ndogo. Ukitaka kuona ufa, gonganisha mayai mawili taratibu karibu na sikio. Lenye ufa linatoa mlio mbovu.

Usiku wa kuatamisha naungoja giza liingie kabisa. Naondoa viza, naweka mayai halisi, kumi kwa tetea mdogo, hadi kumi na matatu kwa mwenye mwili. Msimu wa baridi napunguza, kwa sababu yai linalochungulia nje ya bawa linapoa, na kuku anapoyazungusha kila yai linapata zamu yake ya kukaa pembeni, kwa hiyo mengi yanaharibika badala ya moja. Kila mmoja ana kiota chake na tenga la kumfunika juu. Bila matenga watagombania. Kuku anayeatamia hutoka mara moja kwa siku, dakika kumi na tano au ishirini, anakula, anakunywa, anaacha kinyesi kikubwa chenye harufu usiyoisahau, kisha anarudi. Wakitoka wote pamoja, wawili watarudi kiota kimoja na kingine kitapoa. Kwa hiyo asubuhi natoa mmoja mmoja. Ni kazi, sikatai, lakini naifanya huku chai ikichemka. Chakula chao wakati huo ni mahindi yenyewe, si pumba, ili kikae tumboni muda mrefu.

Kitu kinachomfanya kuku mzuri akimbie mayai ni utitiri kuliko chochote kingine. Mtu atakwambia kuku wake hana tabia nzuri ya kuatamia, kumbe usiku ananyonywa damu mpaka hawezi kuvumilia. Fika bandani na tochi, inua nyasi, utawaona wanatembea. Siku chache kabla ya kuwaatamisha nabadilisha kila kitu kiotani: chini udongo mkavu, juu yake majivu ya jikoni tele, halafu nyasi kavu, na majani ya mwarobaini yaliyokaushwa katikati. Kuku mwenyewe nampaka majivu chini ya mabawa na karibu na mkia. Uwanjani kuna shimo la vumbi na majivu ambamo wanaoga wenyewe mchana.

Halafu kuna siafu. Wafugaji wa kule chini mjini, Pasua na Njoro, hawanielewi nikilalamika kuhusu siafu, lakini kwenye migomba yetu, masika yakikolea, msafara wao ukipita bandani usiku unakuta vifaranga wamelala na kuku hataki kuacha mayai. Asubuhi ni huzuni. Banda langu liko juu ya nguzo, na kila nguzo imesimama ndani ya kopo lenye oili chafu ya gari. Majivu kuzunguka nayo yanasaidia, ila mvua ikinyesha lazima uyamwage upya. Nguchiro na mwewe wanajulikana, sina jipya la kusema juu yao zaidi ya kwamba kifaranga asitoke nje ya wavu mpaka awe na manyoya ya kutosha kukimbia.

Siku ya saba au ya nane napima mayai. Tochi ya simu, kipande cha boksi kilichotobolewa tundu dogo kuliko yai, chumba cha giza, basi. Yai lenye uhai linaonyesha mishipa myekundu iliyotawanyika kama miguu ya buibui kutoka kwenye doa jeusi. Yai jeupe tupu halikurutubishwa. Hapa ndipo kuwaatamisha pamoja kunapolipa mara ya kwanza: nikitoa matupu, yaliyobaki nayakusanya, na mara nyingi mayai ya wanne yanawatosha watatu. Wa nne namwachia huru arudi kutaga. Kama angekuwa peke yake, angekalia mayai matano wiki tatu nzima.

Matupu yakiwa mengi, usimlaumu kuku. Tazama jogoo. Mmoja anahudumia matetea wanane hadi kumi vizuri. Akiwa mzee, au ana magaga miguuni yanayomuuma, mayai hayatashika.

Siku tatu za mwisho siwagusi. Tetea mwenyewe hatoki sana, na ukiinua tenga kila saa unapoteza unyevu ambao kifaranga anauhitaji ili utando wa ndani usimkaukie. Wengine hulivunja ganda kumsaidia aliyechelewa. Mimi sisaidii. Kifaranga kabla ya kutoka humalizia kuvuta kiini tumboni, na ukimtoa mapema anavuja damu au anabaki na kitovu wazi. Kiini hichohicho kinamlisha hadi siku mbili baada ya kuanguliwa, kwa hiyo hakuna haraka ya kumpa chakula wakati wenzake bado wanatoka.

Wakikauka, usiku huohuo, nawagawa. Nachagua akina mama wawili walio watulivu, wasiokanyaga watoto, na vifaranga wote nawapenyeza chini ya mabawa yao gizani. Asubuhi mama anawakuta na kuwachukua wote kuwa wake. Umri uwe uleule. Kifaranga wa wiki moja akiingizwa kwa wa siku moja atadonolewa. Koo mwenye mwili hulea vifaranga ishirini bila tabu wakati wa joto. Waliobaki bila watoto nawaweka siku tatu nne kwenye kizimba chenye sakafu ya fito, upepo unapita chini, hakuna kiota. Joto la kuatamia linaisha, wanarudi kwa jogoo, na baada ya wiki chache wanataga tena. Kuna wanaowatumbukiza kwenye maji ya baridi. Kwa maji yetu yanayoshuka mlimani, huo ni ukatili tu, na kizimba kinatosha.

Sasa suala la majira, ambalo kwetu ni gumu. Kuku wa kienyeji anahitaji miezi mitano hadi sita kufikia uzito wa kuuzwa. Desemba Wachaga wanarudi nyumbani kutoka kila kona ya nchi, kila nyumba ina sherehe, na bei ya jogoo pale soko la Mbuyuni inapanda usitake mchezo. Hesabu kurudi nyuma: wanatakiwa waanguliwe Juni. Na Juni huku juu ni ukungu, manyunyu, jua halionekani siku kadhaa mfululizo. Mwenye kutotoa Septemba atakuwa na vifaranga wanaonawiri, lakini Krismasi watakuwa bado wadogo.

Kwa hiyo natotoa Juni, ila nabadilisha malezi. Koo hapewi zaidi ya vifaranga kumi na watano, kwa hiyo akina mama wanakuwa watatu badala ya wawili. Wanakaa wiki tatu za mwanzo kwenye jiko la nje, lile la kuni, upande ambao moshi haujikusanyi, ndani ya kinengunengu, yaani kizimba cha kulelea vifaranga, cha mabati chenye maranda makavu. Mama mkwe hakushangaa, maana kwao kuku walilala ndani siku zote. Kinachoua kifaranga wa kipupwe ni maranda yaliyolowa, zaidi ya baridi yenyewe. Maji nayaweka kwenye chombo kilichogeuzwa ili wasiingize miguu, na maranda yaliyoshikana nayatoa kila siku, kwani unyevu ndio unaoleta kuhara damu. Wiki ya nne akina mama nawatenga na watoto. Wakiachiwa, watalea miezi miwili, hata mitatu, bila kutaga yai hata moja.

Chakula hakinisumbui sana. Chenga za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa waliosagwa, mnafu au mchicha uliokatwakatwa. Mchwa ni zawadi: chungu kikuukuu kilichojazwa magunzi na samadi kavu, kikalowanishwa na kugeuzwa juu ya njia yao jioni, asubuhi kimejaa. Vifaranga wanapigana. Machicha ya mbege, pombe yetu ya ndizi, wakubwa wanayapenda mno, lakini nawapa kidogo na kwa siku moja moja; vifaranga siwapi kabisa.

Kwenye magonjwa ndipo ninapoachana na baadhi ya wapenzi wa "asili". Pilipili kichaa, mshubiri, majani ya mpapai, vyote ninavyo nyuma ya nyumba, na mshubiri kwenye maji siuoni una madhara. Ila mdondo ni kirusi. Hauna dawa, iwe ya duka wala ya shambani, na ukiingia kwa kuku wasiochanjwa unaweza kufagia banda lote kwa siku chache: kinyesi cha kijani, shingo imepinda, mabawa yameanguka. Kinga yake ni chanjo. Ile ya I-2 ilibuniwa kwa ajili ya kuku wa vijijini, inavumilia joto kuliko zile za zamani, nayo ni tone moja jichoni, kifaranga na jogoo kipimo kilekile, kisha inarudiwa kila miezi mitatu. Mgonjwa hachanjwi. Ndui nayo ina chanjo yake ya kuchoma kwenye ngozi ya bawa.

Na hapa ule usiku mmoja unalipa mara ya pili. Chupa ya chanjo ina dozi nyingi na ikishafunguliwa haikai muda mrefu, kwa hiyo mwenye vifaranga sita anaona hasara, anaahirisha, kisha mdondo unampitia. Nikiwa na vifaranga wengi walioanguliwa siku moja, chupa inamalizika. Inayobaki nawaita majirani wawili waje na kuku wao kwenye matenga, tunachangia gharama, na tunamaliza kabla ya saa mbili asubuhi.

Desemba natoa mapora yote, yaani majogoo machanga, naacha tembe, matetea wachanga, walio wazuri, hasa watoto wa akina mama waliolea vizuri. Jogoo naye hakai zaidi ya mwaka mmoja na nusu, la sivyo ataanza kuwapanda binti zake. Wa sasa nilimpata kwa kubadilishana na shemeji yangu wa Machame: yeye alichukua wangu, mimi nikachukua wake, kishingo (asiye na manyoya shingoni) mwekundu mwenye kelele, ambaye mama mkwe anasema atamchinja kabla ya Pasaka.