Nilivyowajua vyura kwa sauti, kwa daftari la kwaya

Kinasa sauti changu kiliibwa ndani ya daladala Machi 2014, masika yakiwa ndiyo kwanza yameanza. Nilikuwa nimesimama, begi mgongoni kama mgeni wa mji. Niliposhuka zipu ilikuwa wazi, na ndani mmebaki gambuti, tochi na chapati mbili.

Utafiti wangu wa uzamili ulitegemea kifaa kile. Kazi yenyewe ilikuwa kujua ni vyura gani wanaishi kwenye madimbwi na majaruba ya mpunga pembezoni mwa Dar es Salaam na bonde la Ruvu, na njia ya haraka ya kujua ni kwenda usiku ukawasikiliza. Madume ndiyo yanayoita majike, na kila aina ina mwito wake. Hela ya utafiti ilikuwa imekwisha, na masika yakipita unangoja mwaka mzima.

Biolojia yenyewe sikuwa nimeiomba. Nilitaka udaktari wa watu, alama hazikutosha, nikaangukia huku. Niliingia chuo mwaka 2009, mwaka ambao IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe na mazingira, ilitangaza kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini. Mhadhiri wetu alitusimulia habari hiyo darasani, na tangu siku ile nikaacha kuulizia namna ya kuhamia kozi nyingine. Ni chura wa rangi ya dhahabu, hata jike mkubwa hafiki sentimita 3, na duniani kote alikuwa akiishi kwenye korongo moja tu la milima ya Udzungwa, ndani ya rasharasha za maporomoko. Wanasayansi walimwona mara ya kwanza mwaka 1996. Maji yalipochepushwa kwenda kwenye mitambo ya umeme, rasharasha zikakatika. Mwishoni mwa 2000 walichukuliwa 499 wakapelekwa Marekani kutunzwa, na waliobaki korongoni, waliokuwa wakinyunyiziwa maji kwa mipira, walianguka ghafla 2003, mwaka ambao ugonjwa wa kuvu wa ngozi uligunduliwa kati yao. Kilichonishika zaidi ni kwamba chura huyu anazaa. Hatagi mayai majini, anazaa vitoto vyenye miguu, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele. Nilikaa na hilo wiki nzima.

Walipoanza kurudishwa Kihansi mwaka 2012, mimi nilikuwa nimeajiriwa mkufunzi msaidizi, nasahihisha ripoti za maabara usiku na kusimamia wanafunzi wanaopasua panya mchana.

Sasa nirudi kwenye wizi. Jumamosi ile nilikwenda mazoezi ya kwaya nikiwa nimenuna. Mimi naimba alto tangu Sunday School, na kwaya zetu, kama mjuavyo, hazisomi nota za mistari mitano. Tunasoma solfa: d, r, m, f ubaoni, nukta mbili kutenganisha mapigo, nukta moja kugawa pigo katikati, kistari kuivuta sauti. Mwalimu wa kwaya alikuwa anatuandikia wimbo mpya, na nje, kwenye mtaro uliojaa maji ya mvua, chura mmoja alikuwa anakoroma. Anakoroma, anakata, wa upande wa pili anapokea. Bila kufikiri nikaiandika chini ya ukurasa wa wimbo: pigo, pigo, kimya, kimya. Ndiyo ilikuwa nota yangu ya kwanza.

Usiku wa kwanza bondeni nilijaribu kuandika sauti kamili, do au so, nikaambulia uchafu mtupu. Vyura hawana habari na do. Kilichofanya kazi ni mapigo. Anaita mara ngapi kabla hajapumzika? Sauti inapanda au imelala? Ni moja ndefu au ni nyingi zilizokatwakatwa? Kuna mmoja wa jamii ya Kassina anayeita kama tone la maji linaloanguka kwenye pipa tupu, lakini linapanda badala ya kushuka. Huyo niliandika "d" yenye mkia unaokimbilia juu, na mpaka leo nikiuona mkia ule namsikia. Mwingine ana mistari myekundu mgongoni na sauti ndefu tamu kama filimbi inayotetemeka. Usimshike ukajifuta jicho: ngozi yake ina sumu.

Jambo ambalo sikulitegemea ni tempo. Chura yuleyule aliyeita harakaharaka usiku wa joto, baada ya mvua ya baridi aliita polepole kama kwaya ya msibani. Mwili wake unafuata joto la hewa na maji, na mwito unafuata mwili. Ikabidi nibebe kipimajoto na kuandika nyuzi juu ya kila mstari, mahali ambapo mwalimu wa kwaya huandika "taratibu" au "kwa furaha".

Kisha nikapata aibu yangu. Nilikuwa nimesoma kuhusu Hemisus, chura wa pua iliyochongoka anayechimba matope kwa kichwa, ambaye mwito wake ni mvumo mrefu usiokatika. Nikausikia Ruvu, zzzzz, kwenye tuta la jaruba. Nikaandika. Usiku uliofuata tena. Baada ya wiki tatu nilikuwa na maandishi 11 ya Hemisus na sijamwona hata mmoja. Kila nikikaribia, kimya.

Mzee mmoja aliyekuwa akilinda mpunga wake alinikuta nimepiga magoti kwenye tope.

"Mwalimu, umepoteza nini hapo?"

"Shikamoo mzee. Namtafuta chura. Huyu anayelia."

"Marahaba." Akasikiliza kidogo, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, huyo si chura. Huyo ni chenene."

Akachomeka ncha ya panga kwenye tuta, akapindua bonge la udongo, akamulika kwa simu. Mdudu wa kahawia, mnene kama kidole cha mtoto, miguu ya mbele kama vijikoleo, akajikokota kurudi gizani. Chenene hukaa mdomoni mwa shimo lake na kusugua mbawa, na shimo lenyewe amelichimba kama tarumbeta ili likuze sauti. Tarumbeta ile ilinidanganya wiki tatu. Nilifuta yote 11 palepale, kalamu ikitoboa karatasi kwa unyevu.

Tangu usiku ule nilijiwekea sharti: jina haliandikwi mpaka nimwone mwitaji mwenyewe, koo limevimba kama puto. Kumwona si kazi rahisi, kwa sababu sikio la mtu mmoja hukuonyesha upande tu, halikuambii umbali. Nilimwomba mdogo wangu aje nami, nikimlipa chipsi mayai. Tunasimama hatua 5 au 6 mbali, tunazima tochi, tunangoja dakika kadhaa mpaka kimya kivunjike. Akiita, kila mmoja ananyoosha tochi pale anaposikia, ndipo tunawasha kwa pamoja. Mianga inapokatana, hapo ndipo alipo. Mara nyingi tulikuta jani tupu. Lakini Juni inaingia nilikuwa na aina 9 ambazo nazijua kwa mapigo, na kila moja niliiona ikiita kwa macho yangu. Msimamizi wangu alilipitia daftari kimya, akaniuliza ukurasa wa 14 ni wimbo gani. Ulikuwa kweli wimbo. Ulijichanganya.

Mambo ya kupanda cheo, uzamivu, makala kurudishwa mara mbili na mara ya tatu kukubaliwa, hayo kila mhadhiri anayo na hayanogi kusimuliwa. Wenzangu wa maabara walikuwa wakinitania kwa methali ile ya kelele za chura na ng'ombe anayekunywa maji. Nawajibu kwamba mimi sina ng'ombe.

Leo nina darasa la mwaka wa kwanza lenye wanafunzi zaidi ya 300 na kipaza sauti kinachokatika. Hao siwezi kuwapeleka bondeni wote. Kwa hiyo bonde nalileta ukumbini. Nagawa ukumbi kama kwaya: walioko nyuma wanakoroma, kulia wanagonga ulimi polepole, kushoto wanapandisha lile tone la maji, mbele wanavuta filimbi. Naongoza kwa rula. Dakika ya kwanza ni vicheko. Ya pili wanaanza kupishana wenyewe, wa kulia wakingoja wa nyuma wanyamaze, na hapo nawauliza kwa nini dume aite wakati jirani yake amenyamaza. Jibu wanalo tayari mdomoni: wakiita pamoja, jike hasikii mtu.

Wanaotaka zaidi huja fildi usiku kwa vikundi vya watu 6. Wana simu zinazorekodi vizuri kuliko kile kinasa sauti changu, nami siwakatazi. Ila nawataka waandike kwanza, warekodi baadaye, kwa sababu nimeona anayebonyeza simu husikiliza nusu. Na huwa nawasimulia juu ya chura wa msitu wa milima ya Ukaguru aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2002: Churamiti maridadi. Wanadhani natunga. Waliozoea kukariri Kilatini wakaona jina la kisayansi lililo Kiswahili kitupu, hulirudia kama watoto.

Daftari la kwaya bado ninalo, jalada limeungwa kwa gundi ya bomba. Ukurasa wa 41 una mistari miwili niliyoiandika Pugu, Novemba, wakati wa vuli: mapigo matatu mafupi, kimya kirefu, mapigo matatu, nyuzi 24. Pembeni niliweka alama ya kuuliza. Nimerudi vuli tatu, nikamsikia mara moja, nikanyoosha tochi na mwanafunzi akanyoosha yake, mianga ikakatana juu ya rundo la majani makavu ambalo hatukukuta kitu ndani yake. Wanafunzi wangu wanasema ni chenene.