Mama wa Makorora

Asubuhi hii binti yangu amenipigia simu kuniuliza kama aikubali dawa ambayo mtaalamu wa usingizi amemwambia ataichanganya na ile ya ganzi kwenye sindano ya mgongo, atakapofanyiwa upasuaji wa kujifungua wiki ijayo. Nilimjibu upesi kwamba aikubali. Kisha nikabaki nimeishika simu, kwa kuwa yule mama wa Makorora alikuwa amenijia.

Ulikuwa usiku wa masika, nami nikiwa mtoa usingizi, sindano yake ya mgongo niliichoma mimi. Aliukunja mgongo akiwa ameukumbatia mto, maji ya uti wa mgongo yakatoka tone kwa tone, maangavu kabisa, nami nikaingiza bupivakeini, dawa ya ganzi, peke yake. Fentanili, dawa kali ya maumivu ambayo huchanganywa na ile ya ganzi, ilikuwamo kabatini, lakini mwenye ufunguo alikuwa wodi nyingine. Na hata angekuwapo, bado niliihofia pumzi ya mgonjwa, kwa kuwa dawa hiyo huweza kuipunguza, ingawa kinachoongezwa ni mikrogramu 10 hadi 25 tu.

Nilimpitishia pamba ya spiriti hadi kifuani, hakuusikia ubaridi, kazi ikaanza, mtoto akatoka na kulia. Daktari alipoutoa mji wa mimba nje ili aushone, mkono wa yule mama uliushika wangu. Hakupiga kelele. Kucha zake zenye hina zilizama kiganjani mwangu, jasho likamtoka juu ya mdomo, akasema kwa sauti ndogo, "Sista, kisu sikisikii, lakini mnanivuta roho." Nilimwelewa: ngozi ilikuwa imekufa ganzi, lakini maumivu ya kuvutwa viungo vya ndani yana njia zake, na hapo ndipo fentanili kidogo ingemfaa. Nikampa ketamini, dawa ya usingizi na maumivu, kwenye mshipa, akatulia, na mwanawe alipoletwa kifuani alimtazama kama asiyemjua.

Miaka ya baadaye nilikuwa nikiiongeza fentanili kila ilipopatikana, na mara nyingine mofini, ndugu yake, ambayo huweza kuyazuia maumivu hata kwa siku nzima. Wapo waliowashwa na dawa hizo wakajikuna pua hadi alfajiri, wapo waliotapika, na usiku kucha tuliwahesabia pumzi.

Jioni nimempigia tena binti yangu. Nimemwambia aulize ni dawa gani hasa na ni nani atakayemwangalia usiku, na kwamba akiwashwa asiogope, aseme tu. Habari za yule mama sikumweleza.