Muuguzi wa dharura baada ya kifo: asaidiwe vipi?

Mgonjwa amefariki, mashine imezimwa, glavu zimetapakaa sakafuni, na kengele ya kitanda kingine inalia. Msaada unaanzia hapo hapo, si wiki ijayo ofisini.

Kwanza, kimya kifupi. Jonathan Bartels, muuguzi wa Marekani, ndiye aliyeeneza desturi hii: timu husimama kando ya kitanda kwa chini ya dakika moja, kumheshimu marehemu na kutambua juhudi zilizofanyika. Kisha aliyekuwa akikandamiza kifua apewe dakika 10 za maji, choo, na sare safi kama ana damu. Kosa la kila siku ni kumwambia "nenda kapumzike" bila kumtaja atakayeshika wagonjwa wake. Hataenda, na mnajua hataenda.

Kikao cha timu kizungumzie kazi: nini kilifaa, kifaa gani kilikosekana. Asilazimishwe mtu kusimulia machungu yake. Tangu 2013 Shirika la Afya Duniani linashauri watu waliotoka kupatwa na tukio la kutisha wasifanyiwe vikao vya kusimulia upya tukio na hisia zao kwa lengo la kuzuia msongo wa baadaye.

Kiongozi wa zamu ahesabu pia mrundikano. Aliyepokea vifo viwili vya watoto wiki hii asipangiwe kesho chumba cha ufufuaji, yaani cha kuokoa walio karibu kufa. Amuulize faraghani baada ya siku chache, na tena wiki ya nne: unalala? Unakikwepa chumba kile? Jinamizi na kushtukashtuka vikipita mwezi, apewe rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili, ndani ya saa za kazi.