Napiga picha za harusi na sirushi hata moja

Kila anaejua kazi yangu ananipa nasaha ile ile, fungua peji, rusha picha, wateja watakuja wenyewe. Na wanaosema hivyo ni wanaume, ambao ukumbi wa wanawake hapa Unguja hawajawahi kuingia na hawataingia.

Mie napiga sherehe za wanawake tu. Biharusi kichwa wazi, mashoga zake mabaibui wameshayavua, mlangoni kuna dada mmoja mkali anakusanya simu kwenye beseni. Sasa picha za humo niziweke wapi mie?

Mwaka wa mwanzo nikajitia ujanja. Nikasema sura sitii, natia mikono tu. Kulikuwa na biharusi mmoja, piko na hina zimepanda mpaka juu ya kiwiko, ua ndani ya ua, mchoraji kakaa nae tokea asubuhi mpaka magharibi, nikaipiga ile mikono juu ya kanga nyeupe, ikatoka picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nikaitia statasi, nikalala na raha zangu. Mikono si mikono tu jamani, nani ataijua? Alfajiri simu inalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ile mikono ya nani?"

"Mikono ipi mama?"

"Mie nimemzaa, mikono yake nitaisahau?"

Kumbe kwenye kiganja cha kushoto, katikati ya ua, mchoraji kaificha herufi ya bwanaharusi, na shangazi wa upande wa mume kaikuza picha kwa vidole viwili mpaka kaisoma, sasa wakweze wanauliza na hizo nyengine ziko kwa nani. Nikaenda kwao siku ile ile, nikakaa kwenye mkeka mbele ya mama na mashangazi watatu, nikaomba radhi, arubuni nikarejesha yote na harusi nikapiga bure. Laki tatu hivi ilikwenda, au tatu na nusu. Na walivyo watu wema wakaniletea bakuli la urojo, nikala huku machozi yananitoka, wao wakadhani pilipili.

Aliyenifungua macho ni bibi mmoja wa mtaani kwetu anaeuza madera nyumba kwa nyumba. Hana duka, hana peji, ana fuko lake tu, na anauza kuliko wenye maduka Darajani. Nikasema basi na mie nitakuwa na fuko. Nikaazima magauni kwa mpambaji mmoja, nikamvisha mdogo wangu, nikatandika shuka ukutani chumbani kwetu, nikapiga siku mbili. Nikazitia kwenye albamu, ile ya kizamani ya kufungua kurasa, nikawa natembea nayo chini ya baibui. Ukiifungua utaona maharusi wanane na wote ni yeye, hajaolewa mpaka leo na ananambia nimemmalizia bahati. Albamu inafunguliwa kwenye singo, biharusi anaposuguliwa mwili kabla ya harusi, au kwa wachora piko, basi. Wachora piko ndio wa kuwa nao karibu, wao wanajua nani anaolewa lini kabla hata ukumbi haujalipiwa. Kila harusi wanayonipa nawatia chochote mkononi.

Halafu kuprinti. Studio zote nilizozijua kaunta kakaa kijana wa kiume, sasa biharusi afichwe ukumbini aje atazamwe kaunta? Nikanunua printa yangu, laki sita saba hivi, wino ndio unaoniua. Hapo ndipo kazi ilipobadilika, maana nikimwambia mama mtu picha hazitoki mkononi mwangu, bei hagombani tena. Nampa biharusi flashi mbili, moja yake moja ya mamaake, anazitazama zote, halafu zangu nazifuta mbele yake. Mume au kaka akija kuzichukua nampa soda anarudi.

Lensi nayo ilinitia aibu kabla sijajua. Ukumbi una AC ya kugandisha, ukitoka nje kwenye joto inafanya umande, hapo biharusi anapanda gari na wewe unafuta. Siku hizi kabla sijatoka naitia kamera kwenye mfuko wa zipu, naiacha humo ipate joto kidogo, na biharusi namuomba asubiri. Anasubiri, ana haraka ya nini.

Pesa ya Shaabani usiile yote. Ramadhani harusi hakuna, ikiingia Mfunguo Mosi, mwezi wa baada yake, ndio unaitwa pahala pawili kwa siku moja. Mwaka wa mwanzo nilikaa mwezi mzima sijaigusa printa, wino ukakauka kwenye tundu zake, kumuita fundi na kununua wino mpya ilikuwa karibu nusu ya bei ya printa. Sasa Ramadhani kila Ijumaa naprinti picha moja ya rangi, ya paka wetu. Nnazo nyingi, zimejaa mlango mzima wa kabati.