"Draw": kuvuta pazia, kuvuta mstari

Juzi nilikwama kwenye sentensi ya maneno manne: "She drew the curtains." Nilikuwa natafsiri hadithi fupi, na kwa muda mrefu sikujua kama huyo mama amefungua mapazia au ameyafunga. Kiingereza hakikusema. Kilisema ameyavuta, basi.

Nikaamua kukifuatilia kitenzi hiki hadi kwao. Katika Kiingereza cha kale, cha zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, kilikuwa "dragan": kuvuta, kukokota. Baadaye "g" ya katikati ikalainika ikawa "w", kama "lagu", yaani sheria, ilivyogeuka "law". Nduguye "drag" bado ana "g" yake. Wajerumani nao wana "tragen", ila kwao maana imehamia kwenye kubeba.

Kilichonigusa zaidi ni kuchora. Miaka yote niliamini kuna "draw" mbili, ya kuvuta na ya kuchora, zilizofanana kwa bahati tu. Kumbe ni moja! Aliyelitumia neno hili kwa mchoro aliutazama mkono unavyokokota kalamu, na wino unavyobaki nyuma kama alama ya gogo lililoburutwa mchangani. Kiswahili kilitazama kwingine: kuchora kwetu ni pamoja na kutia nakshi kwenye mbao, kwa ncha inayokata. Wao wanavuta, sisi tunachanja. Tangu nilipoligundua hilo, siwezi kushika penseli bila kusikiliza inavyokwaruza karatasi.

Ukishaushika mzizi, mengine yanafunguka. "Drawing room" haina uhusiano wowote na michoro. Ni ufupisho wa "withdrawing room", chumba cha kujitenga. Hata sisi tumo: droo, yule mtoto wa meza, huitwa hivyo kwa kuwa huvutwa nje, na droo ya kupanga makundi ya mpira inatokana na kuchomoa kura chomboni. Maneno mawili tuliyoazima, mzizi mmoja.

Nilirudi kwenye hadithi yangu. Aya iliyofuata, mama anawasha taa, kwa hiyo pengine alifunga. Lakini mwandishi hakutaja, nami nina kitenzi kinachoweza kunyamaza vilevile. Nikaandika: "Akavuta mapazia."