Karatasi 30 za Tanga

Saa 11:30 alfajiri. Nikimaliza kuswali tu naenda uani kufunua ndoo. Ziko nne, na karatasi kuukuu, tunazozitwanga kuwa mpya kwa ajili ya ramani ya mji, zimelala majini tangu jana magharibi. Natumbukiza mkono na kukanda kidogo. Karatasi ikimeguka kama ugali uliolala, imeiva. Ikinyooka bado, inarudi majini. Leo ndoo tatu zimeiva. Ya nne ina kalenda za kung'aa, na hizo huwa zinagoma kwa sababu ule mng'aro unazuia maji yasiingie upesi. Nazianika kambani, tutazikata kwa mkasi tupate vipande vya rangi.

Kazi inayonilisha ni kuandika mabango: majina ya maduka, mbao za vyombo vya baharini, bei za mashine za kusaga. Ila tangu mwezi huu uanze nimetenga siku kadhaa kwa kazi ya mtaa. Majirani wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, tunatengeneza ramani kubwa ya mji wetu kwa karatasi za kupewa, itundikwe kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa. Hatujanunua hata karatasi moja.

Saa 2 asubuhi. Nakokota baiskeli kukusanya mzigo. Steshenari moja inanipa karatasi zilizoharibikia mashineni. Mwalimu jirani ana madaftari yaliyokwisha, na hayo nayapenda kuliko yote maana hutoa karatasi nyeupe yenye nguvu. Magazeti yapo tele, lakini nyuzi zake ni fupi na peke yake hutoa kitu cha kijivu kinachochanika. Kadi za harusi napokea pia. Mama mmoja amenipa rundo zima, akanizuia mkono nilipofika ya mwisho: "Hiyo ya mwanangu wa kwanza, niachie."

Saa 3:30. Mzee mpima ardhi mstaafu ananisubiri barazani. Nampa shikamoo, ananiitikia marahaba huku ameshaikunjua ramani mezani na kuibana kwa vikombe vinne. Ni ile ya 1:50,000, ambayo sentimita 2 za karatasi ni kilomita 1 ya nchi. Ametupa nakala mbili za zamani zilizochakaa kwenye mikunjo, na ndizo zilizotupa mpango wetu. Tunakuza mara 20. Kila mraba wa kilomita moja unakuwa karatasi moja ya sentimita 40 kwa 40. Miraba 6 kwa 5, jumla karatasi 30, ramani yenye upana wa mita 2.4 na kimo cha mita 2.

Leo ananionyesha jinsi ya kuhamisha mstari wa reli bila kuupinda. Reli hii ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911, na kwenye ramani inaingia mjini kwa mkunjo mpole ambao mimi nilikuwa nauchora kama kiwiko. "Hesabu inapokata mraba wapi," ananiambia, "usiuangalie mstari, angalia mraba." Kwa mtu aliyezoea kuandika herufi kwa jicho, ni funzo kubwa.

Saa 4:30. Sasa kinu. Tuko watu kumi hivi, wengi kina mama na vijana waliomaliza shule. Wawili wanatwanga karatasi iliyoiva kwa zamu. Mimi nachanganya katani, yaani nyuzi za mkonge. Tanga bila mkonge sijui ungeichoraje. Miche ya kwanza ililetwa kutoka Florida mwaka 1893, mwaka uleule wa reli, na inasemwa kwamba ni 62 tu iliyofika hai. Nyuzi tunazikata fupi kama ukucha, tunazichemsha na majivu mpaka zilegee, tunazisuuza vizuri, kisha kinuni. Weka chache. Zikizidi, karatasi inaota manyoya na wino unatambaa.

Rojo linamiminwa kwenye beseni kubwa la maji. Unazamisha fremu iliyowambwa kipande cha chandarua, unainyanyua bila kuiinamisha upande, unatikisa mara moja, maji yanachuruzika. Kisha unaipindua juu ya kitambaa na kukandamiza kwa sifongo. Mkono ukitetemeka, karatasi inakuwa nene huku na nyembamba kule. Kabla ya adhuhuri tumetoa saba. Mbili zimekula rangi nyekundu ya khanga mpya tuliyozilazia, na aliyeileta karibu alie. Tukamwambia zitakuwa mraba wa Soko la Mgandini, wekundu unapafaa.

Saa 7. Swala, wali na samaki wa nazi, kivuli. Karatasi ziko juani.

Saa 8:30. Uji wa kugandishia: unga wa ngano, maji yaliyochemshwa na majani ya mwarobaini ili wadudu wasije wakala kazi yetu, na shabu kidogo dhidi ya ukungu. Kila aliyewahi kutengeneza tiara utotoni anaujua mkono wa uji huu.

Ndipo watu wanaanza kuingia kuweka majina. Barabara za Ngamiani ni nyepesi, zina namba zake, ya kwanza, ya pili, hivyo hivyo. Lakini bibi mmoja alikaa mbele ya mraba wake muda mrefu, kisha akaniita, "Mjukuu wangu, kisima kiko wapi?" Nikamwambia ramani haina kisima. "Basi kikate hapa," akaweka kidole. Jirani yake akasema hapana, kilikuwa upande wa pili wa mwembe. Mwembe wenyewe haupo tena. Walibishana nusu saa, wakatuma mtoto amwite mtu wa tatu, na mwisho kisima kikakatwa kwa karatasi ya kalenda ya buluu na kugandishwa aliposema jirani. Bibi alikubali, ila mwembe akauweka yeye.

Saa 10:30 jioni. Nahodha wa mashua anayeshushia samaki kwenye soko la Deep Sea anapita, anasimama mlangoni. Anatazama kimya. Zaidi ya theluthi ya ramani yetu ni maji, na nilikuwa nimeyapanga yawe buluu tupu, kama yalivyo kwenye ramani ya mzee, na Kisiwa cha Toten peke yake katikati ya ghuba.

"Mwanangu, hapa hamjaweka kitu."

"Ni bahari, nahodha."

"Ndiyo. Hamjaweka kitu."

Akavua kofia akakaa chini. Akaanza kutaja: fungu hili linatoka maji yakipwa, hiki kipwa, mwamba wa chini ya maji, kinapasua vyombo wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, huu mlango unapitika kwa kusi lakini si kwa kaskazi. Akaeleza jinsi wanavyojua walipo bila chombo chochote mkononi: unalinganisha alama mbili za nchi kavu, mnara ukae juu ya mnazi fulani, na ukivuka mstari mwingine wa namna hiyo, hapo ndipo pa kutia nanga. Mpima ardhi alikuwa amekuja kutuangalia, na nikamwona anavuta kiti karibu. Mistari miwili inayokatana, akasema, ndivyo na yeye alivyokuwa akipima.

Niliandika majina 14 kabla ya jua kuzama. Buluu ile sasa imejaa kuliko Ngamiani.

Saa 2 usiku. Nimeosha mabeseni, mgongo unauma. Hodi. Ni mtoto wa nahodha, ametumwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Baba yake anauliza visiwa vya Yambe na Ulenge tumeviacha wapi, maana yeye kila siku anapita huko. Nimepima ukutani. Lazima niongeze safu nyingine za karatasi. Narudi uani kuloweka ndoo nyingine.