Jenerali wa maji ya kunde

Nimemaliza bana. Miezi minne ya jioni na wikiendi, na leo kwa mara ya kwanza nimekiangalia kichwa cha sanamu ninayoipaka rangi pale mezani nikaona sina hamu ya kukifuta nianze upya.

Kwa asiyejua, mi napenda kupaka rangi sanamu za watu wa historia, zile za kichwa mpaka kifuani. Nilianza na vidogo vidogo, kichwa kama punje ya hindi, na pale unaweza kudanganya, doa jeusi hapa jicho, mstari mwekundu hapa mdomo, ukiweka mbali mtu anasema duh hatari. Hii ya sasa ni moja kwa nne, robo ya ukubwa wa mtu halisi, yaani kichwa peke yake kinazidi yai la kuku kidogo, na kwenye ukubwa huo hakuna pa kujificha, kope inaonekana, kona ya jicho inaonekana, mkono ukitetemeka kidogo tu inaonekana. Kuna jamaa ana printa ya 3D ya resini, plastiki ya maji inayogandishwa kwa mwanga, akanitolea kutoka kwenye faili nililonunua mtandaoni.

Mtu mwenyewe ni Jenerali Thomas-Alexandre Dumas. Wengi wakisikia Dumas wanamfikiria mwandishi wa riwaya, huyo ni mwanawe, mi namsema baba. Kazaliwa 1762 Saint-Domingue, ndo Haiti ya leo, mama yake Marie-Cessette alikuwa mtumwa na baba yake bwana mkubwa wa Kifaransa aliyehamia huko. 1776 baba akaagiza apelekwe Ufaransa, huko kijana kasoma, kajifunza upanga, halafu 1786 akaingia jeshini kama askari wa kawaida kabisa wa farasi na akajiandikisha kwa jina la mama. Hapo ndo aliponinasa mimi. Mtoto wa bwana mkubwa anaacha jina la ukoo wa baba anachukua la mama yake mtumwa, na miaka saba tu baadaye, 1793, Mapinduzi ya Ufaransa yamepamba moto, jina hilohilo lina cheo cha jenerali wa divisheni. 1797 kule Tyrol, kwenye milima ya Alps, akazuia kikosi cha wapanda farasi wa Austria darajani karibu peke yake, wenyewe Waaustria wakawa wanamwita shetani mweusi.

Basi, turudi kwenye kazi yenyewe. Uso ukitoka kwenye printa una mistari myembamba kama alama za kidole, huioni mpaka upige praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia nyingine, na mi nilipiga praima ndo nikaiona, shavu lote la kushoto. Nikarudi nyuma, msasa wa maji namba 400, halafu 800, nikisugua ndani ya beseni maana vumbi la resini si la kuvuta, nikapiga tena praima ya kopo ile ya magari. Siku mbili zimekwenda hapo na sina cha kuonyesha. Koti likafuata, bluu nzito, nalo halikunisumbua sana. Darizi za dhahabu za kolani nilipaka rangi ya metali ya kawaida halafu nikazungushia kahawia iliyozimuliwa ikashuka kwenye mifereji, najua kuna mabingwa wanaoigiza dhahabu kwa njano na kahawia tupu bila metali hata tone, mi nilijaribu ikatoka kama haradali.

Shida ilikuwa ngozi.

Maelekezo karibu yote ninayoyakuta ni ya kupaka Mzungu. Unaanza na pinki fulani, unaongeza nyeupe kwenye paji la uso, pua, mashavu, unaweka wekundu kidogo, umemaliza. Ukifika kwa mtu mweusi unaambiwa mstari mmoja tu, anza na kahawia halafu fanya vilevile. Nikafanya vilevile. Kahawia, kahawia na nyeupe kidogo, kahawia na nyeupe zaidi, nikalainisha mipaka vizuri kabisa, wiki tatu hizo, nikajiona fundi. Akaja mpwa wangu, ana miaka nane, kasimama mezani mikono nyuma kama mkaguzi, akaniuliza, "Mjomba, huyu hajapaka mafuta?"

Nikamwambia ni sanamu, mama, haipaki mafuta.

"Mbona kapauka?"

Kapauka! Wiki tatu natafuta neno la kile kilichokuwa kinanikera pale usoni na mtoto kalitoa bila hata kufikiri. Ndo ilivyokuwa kweli, jenerali mzima kapauka kama mtu aliyetoka kuoga maji ya kisima akasahau mafuta. Nyeupe ukiichanganya kwenye kahawia haikupi mwanga, inakupa majivu. Nikachukua pamba na spiriti nikaufuta uso wote, roho inauma.

Wiki iliyofuata sikushika brashi, nilikuwa naangalia watu tu. Kwenye daladala saa kumi na moja jioni jua linaingia dirishani kwa pembeni, konda wetu mweusi tii, na paji lake la uso pale mwanga unapopiga halikuwa kahawia nyepesi hata kidogo, lilikuwa bluu, bluu ya anga kabisa, halafu ghafla linakatika linarudi kwenye weusi. Mama mmoja maji ya kunde aliyekaa mbele yangu, yeye mwanga wake ulikuwa wa chungwa na njano, na chini ya macho kuna zambarau, na masikio yake jua linatokea nyuma yalikuwa mekundu kama taa. Nikafikiri nikaelewa. Ngozi nyeusi inameza mwanga mwingi, kwa hiyo ule unaorudi kwa sehemu kubwa ni mng'ao wa juu, na mng'ao unabeba rangi ya kinachoangaza, anga, ukuta, shati. Ndo maana mng'ao unaonekana mkali kuliko kwa mweupe. (Konda aliniona namkodolea macho akaniuliza kama nadai chenji.)

Sasa Dumas alikuwa rangi gani hasa? Picha zake zilizopo hazikubaliani, kuna zilizomchora mweupe karibu kama wenzake na kuna zilizomkoleza, na ukikumbuka baadhi zilichorwa yeye keshakufa unaelewa kila mchoraji alikuwa na Dumas wake. Mi nikaamua kwa asili ya wazazi wake na kwa macho yangu, maji ya kunde iliyokolea, na asiyeridhika achapishe wake.

Mara ya pili nilibadili hadi rangi zenyewe. Akriliki, ile rangi ya maji niliyoanza nayo, kwa joto la Dar na feni juu ya kichwa inakauka dakika moja, unaweka tone, ukigeuka kuchukua la pili la kwanza limeshakuwa jiwe, na kwenye uso mkubwa hivi unahitaji muda wa kulainisha. Nikapaka akriliki msingi tu, kahawia yenye wekundu, halafu juu yake rangi za mafuta za tyubu, kidogo sana, brashi karibu kavu. Nyeupe nikaifungia kwenye droo kabisa. Kung'arisha nikatumia njano ya udongo na chungwa, vivuli nikavipa damu ya mzee na bluu nzito badala ya nyeusi, wekundu kwenye mabawa ya pua na masikio, zambarau kidogo chini ya macho maana huyu ni mtu wa vita halali vizuri. Mwisho kabisa, bluu iliyofifia, ndogo kama ukucha wa mtoto, kwenye paji la uso na mfupa wa shavu. Hiyo bluu niliiogopa siku nne. Nilipoiweka uso ukageuka ukawa na mifupa ndani. Na jicho, msipake nyeupe ya jicho kwa nyeupe jamani, weka rangi ya pembe ya ndovu yenye wekundu kwa mbali, vinginevyo anakuwa kama kaona jini.

Ingekuwa imeishia hapo ningelala. Mafuta yakikauka yanang'aa sehemu sehemu, kwa hiyo unapiga vanishi ya kufisha mng'ao, na mi kwa haraka zangu nikaipiga Aprili, mvua ya masika inashuka nje, barazani. Asubuhi naamka jenerali ana ukungu mweupe usoni mzima. Kapauka tena! Unyevu umeingia kwenye vanishi. Nilikaa kitini nikamwangalia, nikamkumbuka kidogo mwenyewe alivyoishia, 1799 anarudi kutoka Misri alikopigana chini ya Napoleon, meli inavuja, wanatia nanga Taranto kule Italia, anafungwa miaka miwili, anatoka kachoka mwili, anaomba pensheni Napoleon hampi kitu, anakufa 1806. Hata sanamu yake iliyosimamishwa Paris baadaye ilivunjwa wakati Wajerumani wameikalia kwenye Vita vya Pili vya Dunia, siku hizi pale uwanjani kuna pingu kubwa mbili za watumwa zilizowekwa 2009. Na mi huku namharibu kwa kopo la vanishi.

Iliokolewa na vanishi ya kung'aa, nilipaka kwa brashi taratibu ule ukungu ukayeyuka, nikasubiri siku kavu, nikafisha tena lakini safari hii nikaacha paji la uso, ncha ya pua na mdomo wa chini ving'ae kidogo. Mpwa wangu kaja juzi, kamzunguka mara mbili, kasema sawa, sasa kapaka.

Kilichobaki ni kitako. Fundi seremala wa mtaa wa pili kaniahidi kipande cha mninga, kasema njoo Jumamosi, na Jumamosi hii ni ya tatu, kwa hiyo kwa sasa Jenerali Dumas amesimama juu ya kopo la maziwa ya unga.